Usimwambie Avumilie

Mji wa Kale, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua, lakini kila akisikia jina lako huuliza utakuja lini.

Ujumbe wako umeninyima usingizi. Mwanetu aliyekuwa akikariri mashairi barazani kwetu, leo yuko shule ya bweni huko bara, anakupigia kwa simu ya metroni kukwambia kwamba anaitwa Al-Shabaab kwa sababu ya mtandio wake. Kila akifungua mdomo darasani wapo wanaoiga lafudhi yake ya pwani mpaka darasa zima linaangua kicheko, na usiku godoro lake hulikuta limelowa maji. Ulipouliza shuleni ukaambiwa ni utani wa kuwakaribisha mono, yaani wanafunzi wapya, kila mgeni huupitia. Sasa wataka rai yangu, umwambie avumilie mpaka mwisho wa mwaka au ufanyeje.

Usimwambie avumilie. Nakuomba sana.

Wajua kwamba Jumamosi asubuhi hukaa na vijana wa mtaani tukasoma. Wengi ni wa Majengo na Kisauni, wachache huvuka feri kutoka Likoni. Muhula huu tumesoma Roll of Thunder, Hear My Cry ya Mildred D. Taylor, kitabu cha 1976 kuhusu familia ya Weusi huko Mississippi katika miaka ya 1930. Twakisoma kwa Kiingereza, twakizungumza kwa Kiswahili. Nilitarajia vijana washikwe na habari za wale wanaume wanaotoka usiku kuwachoma watu. Wapi! Walikwama sura ya kwanza, na hawakutaka kutoka.

Kuna mtoto wa miaka sita humo, msafi ajabu, hataki hata vumbi liguse viatu vyake. Siku ya kwanza ya shule anapewa kitabu. Furaha yake yote inakatika akikiona, maana kimechakaa na kurasa zimejaa uchafu. Anafungua jalada, na ndani kuna jedwali la kitabu kilitolewa lini, kikiwa katika hali gani, kwa mwanafunzi wa rangi gani. Miaka yote kilipokuwa kizuri kilikwenda kwa watoto wa Kizungu. Kilipofikia hali mbovu kabisa ndipo kikaandikiwa Mweusi, tena kwa neno la dharau. Mtoto anakitupa chini, anakikanyaga. Dada yake, Cassie, anamwonyesha mwalimu yale maandishi, na mwalimu, ambaye ni Mweusi kama wao, anajibu kwamba ndivyo mlivyo. Kisha anawachapa wote wawili.

Hapo mvulana mmoja wa Kisauni akauliza, "Kwani huyu mwalimu hakuona?" Na msichana ambaye tangu aanze kuja kwetu sijamsikia akisema zaidi ya salamu, akajibu bila kuinua macho, "Aliona. Ndiyo maana akapiga."

Asubuhi yote ikaishia kwenye jibu hilo. Wakaanza kutoa yao. Mmoja huitwa mkaa na mwalimu wake mwenyewe, darasa likacheka kwa kuwa mwalimu amecheka. Mwingine amezaliwa Tudor, hapa hapa Mombasa, amekulia Tudor, na bado huambiwa arudi kwao bara. Mmoja hutajiwa Umijikenda wake kana kwamba ni ugonjwa. Karibu kila kisa, shoga, kilikuwa na mtu mzima ndani yake, amesimama pembeni na amesikia kila neno.

Mama wa watoto wale wa kitabuni naye ni mwalimu katika shule hiyo hiyo. Alipopata habari alichukua gundi na karatasi, akabandika juu ya lile jedwali kwenye vitabu vya wanawe, akaendelea na vya darasa lake. Mwenzake akamshangaa, akamwambia watoto sharti wajue mambo yalivyo. Yeye akasema kuyajua si kuyakubali. Baadaye alifukuzwa kazi kwa kufundisha ukweli kuhusu utumwa, kwa hivyo sikudanganyi kwamba ni jambo jepesi. Lakini wanawe walijua mama yao yuko upande gani. Hilo ndilo ninalokuombea kwa mwanetu, kabla ya mengine yote.

Na tena, mimi nawe tumeuona mwisho wa utani wa namna hii. Wamkumbuka yule msichana tuliyesoma naye, aliyekaa Likoni, wazazi wake wametoka bara? Aliitwa majina tangu tukiwa wadogo, na akilalamika akaambiwa watoto wanacheza. Kisha vikaja vikaratasi vya kuwaamuru watu wa bara warudi makwao. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, na katika siku zilizofuata watu zaidi ya 100 wakauawa, maelfu wakakimbia nyumba zao, wengine wakajibanza kwenye kanisa Katoliki la Likoni. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi na wakubwa walikuwa na mkono wao, sikatai. Watoto hawakununua silaha. Lakini wale waliochochea walikuta shamba limeshalimwa. Shule zilipofunguliwa Septemba, mwenzetu hakurudi, na sijui hata mwalimu mmoja aliyetwambia kwa nini. Muhula ujao nitasoma na vijana Kufa Kuzikana ya Ken Walibora, ya 2003, yenye marafiki wawili ambao makabila yao yanachukiana. Sitaki waondoke kwangu wakidhani ubaguzi ni mambo ya Mississippi.

Kuna mvulana mwingine sijakuhadithia. Alikuwa akipigwa njiani kila jioni akitoka shule, akinyang'anywa nauli. Nyumbani wakamwambia awe mwanamume. Akavumilia, kweli, akavumilia sana. Kisha akapata kundi la vijana wa mapanga huko Kisauni, na kilichompeleka kwao ni kwamba walikuwa wakimsindikiza mpaka mlangoni kwao. Watu huuliza vijana hawa wametoka wapi! Siku hizi nikimkuta stejini huniamkia kwa adabu, shikamoo mwalimu, akapita zake. Kusoma hajarudi.

Sasa la kufanya. Mwambie mwanetu unamwamini, na umwambie kabla hujamuuliza swali hata moja. Mwambie aandike kila kitu: siku, mahali, nani alikuwepo, metroni alisema nini. Wewe na babake nendeni wenyewe mkamwone mwalimu mkuu, msimalize kwa simu. Pelekeni barua, mkae na nakala iliyopigwa muhuri wa shule. Muitaje Katiba ya 2010, kifungu cha 27, kinachokataza mtu kubaguliwa kwa dini yake, kabila lake, hata kwa mavazi na lugha. Mavazi na lugha, shoga, vyote viwili vimeandikwa mle. Mtaje na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, kisichoruhusu mwanafunzi ateswe au adhalilishwe, mwilini wala akilini. Wakikupuuza, panda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Na yeye mwenyewe ajue namba 116, ni ya watoto na haina malipo.

Jambo moja usilikubali: wale wasichana wasichapwe mbele ya mstari kwa ajili yake. Viboko shuleni vilipigwa marufuku tangu 2001, lakini hata vingekuwa halali, usiku wa siku hiyo ni yeye atakayelala nao bweni moja. Omba ahamishiwe bweni lingine ikiwa mwenyewe ataka, na waliomwagia maji waitwe na wazazi wao, wakae wazungumzishwe. Nao ni watoto. Najua hofu yao imetoka wapi. Chuoni Garissa mwaka 2015 Al-Shabaab waliua watu 148, wengi wao wanafunzi, na mwanetu wakati huo alikuwa bado wa chekechea. Kuna mtu mzima aliyewafundisha kumwangalia msichana mwenye mtandio wakaona gaidi, na mtu huyo naye ningependa aitwe.

Likizo fupi ikifika mlete huku kwetu. Vijana wa Jumamosi nimewaambia kuna mwenzao anakuja kutoka bara, na yule msichana wa "aliona" ameshaniuliza anasoma darasa gani. Kitabu nimekipeleka kwa basi la Ijumaa usiku, kimeandikwa jina lako, pamoja na halua kidogo ya mwanetu. Kachukue stejini Jumamosi asubuhi, uende na kitambulisho. Na mkitoka kwa mwalimu mkuu nipigie, hata ikiwa usiku wa manane.

Msalimie shemeji.

Ni mimi shogayo