Risala ya Wasomaji Wasioona kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Vifaa vya Kusomea Vitabu vya Sauti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu wa shule hii, tunakushukuru kwa kukubali kuja kufunga mafunzo yetu. Risala hii naisoma kwa vidole, kutoka karatasi ya nukta nundu, kwa hiyo naomba uvumilivu wako pale mkono utakapochelewa kuufikia mstari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, siku hizi zote tumekuwa tukijifunza kutumia kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Ukikitazama unaweza kudhani ni simu ya zamani, kwa kuwa kina vitufe vya namba, na kitufe cha 5 kina kinundu cha kuongoza kidole. Tungependa kukueleza kazi yake kwa kirefu kidogo, maana wengi wanaotutakia mema hudhani kifaa hiki kimekuja kutupatia sauti. Sauti tulikuwa nayo tangu zamani. Tulichokikosa ni kurasa.

Kabla yake, kila mmoja wetu alikuwa na rafiki wa kumsomea. Marafiki hao wamekaa nasi hapa leo, na fadhila zao hatuwezi kuzilipa. Lakini anayesomewa husoma kwa muda wa mwenzake. Rafiki akiwa na haraka, ukurasa unapita mbio. Akipiga miayo, unasema "nimeelewa" na hujaelewa. Zipo sentensi za fizikia ambazo mwenye macho huzirudia mara nne, tano, bila mtu kujua. Sisi kuomba turudiwe mara ya pili tuliona haya; mara ya tatu hatukuthubutu. Tumewahi kuingia kwenye mtihani na mambo tuliyoyasikia mara moja tu, tukiombea tusiulizwe kwa undani.

Baadaye tulipata vitabu vilivyorekodiwa. Mwenzetu mmoja alipewa kitabu kizima cha historia katika faili moja ya saa tisa, kilichosomwa na mtu aliyejitolea kwa moyo wake wote. Darasani mwalimu akasema, "Fungueni ukurasa wa 84." Wenzake wakafungua. Yeye akawa anapeleka mbele, anasikiliza, anarudisha nyuma, anasikiliza tena, mpaka kengele ikalia. Kitabu alikuwa nacho mkononi, ila hakuweza kukifungua.

Hapo ndipo utaona tofauti, Mheshimiwa. Kitabu kilichoandaliwa kwa mfumo wa DAISY hakiwi sauti tupu. Ndani yake kuna alama zinazoonyesha sehemu inapoanzia, sura inapoanzia, mada ndogo, hata namba za kurasa zilezile zilizomo kwenye kitabu cha karatasi. Kwenye kifaa tulichojifunzia, ambacho ni Victor Reader Stream, kitufe cha 2 na cha 8 huchagua unataka kuruka kwa kiasi gani: kwa sura, kwa mada au kwa ukurasa. Ukishachagua, 4 hukurudisha nyuma na 6 hukupeleka mbele. Ukitaka ukurasa wa 84, unabonyeza kitufe cha kwenda, unaandika 84, unathibitisha, na msomaji anaanza kusoma pale pale. Siku mwenzetu yule alipolifanya hilo kwa mara ya kwanza alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaomba aachiwe afanye tena.

Unaweza kuweka alama mahali pagumu na kuparudia usiku. Unaweza kuongeza kasi kwenye sura unayoijua na kuipunguza kwenye usiyoijua, na sauti ya msomaji haigeuki kuwa nyembamba wala nzito. Unaweza kukitegea kijizime baada ya dakika kadhaa, usingizi usikupoteze njia, na asubuhi kitakuanzishia pale kilipoishia. Na ile sentensi ya fizikia tunairudia mara kumi, hedifoni zikiwa masikioni, bila kumchosha yeyote.

Safari ya kufika hapa ni ndefu. Huko Marekani vitabu vya kusikiliza vya wasioona vilianza kutolewa kwenye santuri mwaka 1934, na Uingereza ikafuata mwaka 1935, ambako waliofikiriwa mwanzoni ni pamoja na askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Kitabu kimoja kilichukua santuri nyingi, na msikilizaji alilazimika kuinuka kila mara kuzigeuza. Kisha zikaja kaseti. Mwaka 1996 maktaba na mashirika yanayohudumia wasioona yaliungana kuunda umoja unaosimamia mfumo wa DAISY, na leo kadi moja ndogo kuliko stempu hubeba rafu nzima ya vitabu.

Wapo wanaotuuliza kwa nini tusitumie simu janja. Wengine wetu huzitumia, na zina faida zake. Lakini kioo laini hakina cha kushika, na mikono ikiwa na jasho au mtu akiwa ndio kwanza amepoteza kuona, vitufe vya kweli humpa utulivu. Tena kifaa hiki hakikatizwi na ujumbe katikati ya sura.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tatizo letu kubwa sasa ni kwamba vifaa tunavyo na vitabu vya kuweka ndani yake ni vichache mno. Kifaa hakiwezi kubuni kurasa ambazo aliyerekodi hakuziweka. Faili ile ya saa tisa, hata tukiiingiza humu, hubaki faili ya saa tisa. Ndiyo sababu ombi letu la kwanza, na kama una nafasi ya kutusaidia jambo moja tu basi liwe hili, ni kuwepo kwa vitabu vya kiada vilivyoandaliwa kwa DAISY, vyenye sura na kurasa. Wanaojitolea kutusomea wapewe mafunzo ya kuweka alama hizo, na pia ya kueleza picha. Msomaji akifika mahali palipoandikwa "tazama mchoro" kisha akapita, sisi hatuna cha kutazama.

Kuhusu haki za waandishi, Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Nchi zilizojiunga nao huruhusu vitabu vigeuzwe katika namna inayosomeka na wasioona, na vibadilishwe kati ya nchi na nchi. Tunakuomba uwafikishie wachapishaji habari hii, na uwaombe watupatie faili za maandishi ya vitabu vyao. Kifaa hiki husoma maandishi pia kwa sauti ya mashine. Sauti hiyo ikiwa haijui lugha ya kitabu huponda kila neno, kwa hiyo bado tunahitaji sauti za watu, ila kwa kitabu kinachotakiwa kesho asubuhi mashine huokoa.

Jingine ni nukta nundu. Tunasikia ikisemwa kwamba vifaa vya sauti vikifika, mashine za kuandikia nukta nundu hazihitajiki tena. Tunaomba kwa heshima jambo hilo lisikubaliwe. Sikio halionyeshi neno linavyoandikwa, na mlinganyo wa hesabu wenye mabano matatu haukai kichwani kwa kusikia. Risala hii nisingeweza kukusomea kwa sauti yangu mwenyewe kama nisingefundishwa kuisoma kwa vidole.

Mwisho, tunahitaji kadi za akiba na hedifoni imara, kwa kuwa zilizopo tunapokezana, na usiku mmoja wetu hubaki akisubiri zamu.

Baada ya kukukaribisha kuzungumza nasi, tungefurahi uje kwenye meza yetu, ushike kifaa, ufumbe macho, nasi tukutajie ukurasa wa kufungua.

Tunaomba kuwasilisha.