Mishale ya kwenye ramani inapita getini kwangu

Mhariri,

Ile habari yenu ya kikao cha wadau, kuhusu namna magari yatakavyoongozwa makutano ya barabara huku kwetu Arusha yatakapovunjwa na kujengwa upya, nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikiwa nimesimama. Miaka yote nasoma gazeti lako na kunyamaza. Safari hii imenishinda.

Mmeandika kuwa magari madogo yatachepushwa kupitia barabara za mitaa. Basi, sentensi moja, mkahamia kwenye picha za waheshimiwa. Mwandishi wenu hakuuliza ni mitaa ipi, ina upana gani, wala kalavati zake zilijengwa kubeba nini. Barabara kuu iko chini ya wakala mmoja wa serikali, TANROADS; za mitaa, tangu 2017, ziko chini ya wakala mwingine, TARURA. Gari likitoka kwenye lami ya mmoja likaingia kwenye vumbi la mwingine, ni la nani? Mimi jibu ninalo: ni la mwenye nyumba iliyo pembeni.

Ujenzi uliopita huku kwetu nao ulianza hivyo hivyo, mchepuko wa muda mfupi, magari madogo tu. Kibao kikawekwa, kimegeuzwa upande ambao dereva anayetoka mjini hawezi kukiona, na usiku hakina taa. Mshika bendera alikuwa kijana mmoja mwenye kitambaa chekundu, amesimama mwisho mmoja wa njia. Yeye akiruhusu huku, kule nako wanajiruhusu wenyewe. Vifodi, zile daladala ndogo, vikatangulia, pikipiki za toyo zikajaza mapengo, na jioni moja ya Aprili, masika imeshalainisha kingo, likaja lori la saruji. Lori, Mhariri! Hakuna kizuizi, hakuna aliyeliuliza linakwenda wapi. Kalavati ya mbele ya geti langu ikapasuka, gurudumu la nyuma likazama, lori likaegemea ukuta wangu na kulala hapo mpaka asubuhi. Mgonjwa wa nyumba ya pili alibebwa kwenye kiti cha plastiki kupitishwa kwenye tope hadi barabarani, kwa kuwa gari lililokuja kumchukua lilikwama nyuma ya foleni. Kulipokucha mkandarasi akaniambia mtaa wetu haumo kwenye mkataba wake. Nikaelekezwa ofisi nyingine, na huko nikaambiwa malori hayaruhusiwi mtaani kwetu, kwa hiyo suala la lori si lao. Ukuta nimeujenga kwa kiinua mgongo changu. Kalavati waliiziba vijana kwa mawe na magogo, na mpaka leo ukipita na gari unafunga macho.

Mtaalamu mliyemnukuu ametolea mfano makutano ya Ubungo, Dar es Salaam. Haya. Jiwe la msingi Machi 2017, Daraja la Kijazi likafunguliwa Februari 2021. Karibu miaka minne watu wanapita katikati ya mashine. Lakini pale zinakutana Morogoro, Mandela na Sam Nujoma, barabara pana unazoweza kuzigawa, upande huu ukijengwa ule unapitisha. Sisi upande wa pili ni migomba. Na ninyi wa mpango, magari ya hapa kwetu mmeyahesabu lini? Kama ni Februari, rudieni. Njooni Jumamosi ya soko Tengeru, au ile wiki ya Desemba watani zetu Wachaga wanapokwenda kwao kuhesabiwa, na Arusha nzima imegeuza pua kuelekea Moshi. Malori ya kutoka mpakani Namanga yana barabara yake ya mchepuko, kilomita 42.4, kusini mwa jiji. Mbona mpango hausemi yalazimishwe kuitumia tangu siku ya kwanza?

Na kwa kuwa nimeshaanza: hao trafiki wanaosimama chini ya mataa yanayofanya kazi. Kijani inawaka, anasimamisha. Nyekundu inawaka, anaita. Mwenda kwa miguu, na mtoto mgongoni, atii kipi? Vibao vya "Kazi Mbele" navyo, kazi imekwisha zamani, kibao bado kinatisha watu, ndiyo maana siku kazi ikiwepo kweli hakuna anayepunguza mwendo.

Kalavati za mtaa wa mchepuko zijengwe upya kabla ya koni ya kwanza kushushwa, na ziandikwe ndani ya mkataba huo huo. Mwanzo wa mtaa kiwekwe kizuizi cha chuma cha kuzuia malori, chenye kufuli. Ufunguo mmoja zimamoto, wa pili kwa mwenyekiti wa mtaa, mkandarasi asipewe. Kwenye lile bango la mradi, namba ya simu ya mhandisi iandikwe kwa herufi kubwa kama jina la mfadhili, na ipokelewe hata saa nane usiku.

Na huyo atakayesaini ramani yenye mishale apangishiwe chumba mtaani kwetu mpaka ujenzi uishe. Mimi ninacho kimoja, cha upande wa barabara. Kodi tutaelewana.

Mwalimu mstaafu,
Moshono, Arusha