Barua kwa vijana wanaofoka Dandora

Wanangu na wajukuu zangu, hamjambo.

Wengi wenu mnanijua kwa sura: mzee wa ploti yenye geti la buluu, Phase 2, anayeketi nje jioni mkipita na spika begani. Nimewasikiliza miaka mingi nikanyamaza. Juzi mmoja wenu aliniambia, "Mzee, bila taabu hakuna hip hop." Neno hilo limeninyima usingizi, na nisipolijibu nitakuwa nimewakosea.

Nilipewa ploti hapa Dandora, Nairobi, mwaka wa 1978. Serikali ilikuwa imechukua mkopo wa Benki ya Dunia mwaka wa 1975, ikapima ploti kama 6,000. Ulikabidhiwa choo, bafu na bomba, vyumba ujijengee. Nilijenga kimoja nikaingia na mke wangu, nikajenga kingine nikapangisha, halafu kingine. Majirani walifanya vivyo hivyo, hadi ua mmoja ukawa na Mkamba, Mluo, Mluhya na Mkikuyu wakipanga foleni kwenye bomba moja. Watoto walilala watano chumba kimoja, wakasikia kila ugomvi na kila kilio kupitia ukuta wa mabati. Uani walizungumza Sheng, lugha ya mtaani inayochanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha za kwetu. Mimi niliwachapa wangu kwa ajili ya Sheng hiyo, na leo nawaomba radhi, maana pale ndipo sikio lao lilipofunzwa. Mtoto anayebadilisha lugha mara nne kabla ya kumaliza ndoo yake ya maji anajua uzito wa kila neno.

Jaa la taka mnalijua kuliko mimi. Tangu miaka ya sabini taka za Nairobi zinamwagwa pale kando ya mto, na moshi wake tunaumeza sisi. Mwaka wa 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilichapisha utafiti uliochunguza afya ya watoto 328 wa hapa. Nusu ya waliopimwa damu walikuwa na madini ya risasi kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Sumu hiyo huingia kwenye ubongo wa mtoto. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba maisha haya ni baraka ya msanii. Kuna watoto wangapi waliokuwa na kipawa, wakashindwa kusoma, wakashindwa hata kukaa kitako wakaandika mstari mmoja?

Nawakumbuka Kama, Johnny na Roba, wale wa kundi la Kalamashaka. Siku zile redio zilipenda rapu ya Kiingereza, ya vijana wenye lafudhi ya Marekani. Hawa wa Dandora wakatokea mwaka wa 1997 wakifoka kwa Kiswahili cha huku kwetu, na jina la wimbo wao lilikuwa ombi kwa msikilizaji: tafsiri hii. Baadaye waliungana na vijana wa Mombasa na wa mitaa mingine wakawa Ukoo Flani Mau Mau. Jina hilo la Mau Mau, la wapigania uhuru waliopambana na Waingereza, lilinigusa sana. Babangu alikamatwa mwaka wa 1954, Waingereza walipouzingira mji huu na kubeba watu kwa maelfu, na nyumbani kwetu habari hiyo haikuzungumzwa kamwe. Vijana wenye rasta ndio waliolitamka jina hilo mlangoni pangu bila hofu.

Taabu haikuandika mistari ile. Waliiandika wao. Taabu iliwapata maelfu ya watu hapa, na ingekuwa yenyewe inatunga nyimbo, kila ploti ingekuwa na album. Walitazama, wakasikiliza, wakatafuta neno hadi wakalipata. Hiyo ndiyo kazi, na mtu anaweza kuifanya akiwa ameshiba, akiwa na kitanda chake, akiwa na mama asiyekohoa usiku kucha. Mkipata nafasi ya kutoka kwenye moshi, tokeni. Muziki wenu hautakufa kwa sababu mmelala vizuri.

Kuna mmoja alikulia kwenye ghorofa ya ploti yangu. Jina lake nitaliacha. Alikuwa na wimbo juu ya mamake, jinsi alivyorudi kutoka jaa na gunia mgongoni na bado akaimba akiosha miguu. Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo kutoka kwa mtoto. Wenzake wakamwambia mama hauziki, bunduki inauzika. Akaanza kufoka juu ya bunduki, yeye ambaye hakuwahi hata kushika kisu cha jikoni kwa hasira. Akajipa jina la kutisha. Mwaka haukuisha, watu wakaamini aliyosema. Usiku mmoja alipigwa risasi akafa karibu na steji ya matatu, na hata matangani niliwasikia watu wakinukuu nyimbo zake kama ushahidi.

Mamake amenijia mara tatu kuniuliza kama ninao ule wimbo wake. Simu ya kijana ilipotea usiku ule ule. Hakuna aliyeuhifadhi. Ninakumbuka mistari miwili tu, na nilimsomea.

Kwa hiyo andikeni kwenye karatasi, pamoja na tarehe. Mkataba wowote mkiletewa, usisainiwe siku ile ile. Leteni tuusome pamoja, nina jirani karani wa mahakama aliyestaafu. Na mnapotaja aliyeuawa, hakikisheni mamake ameusikia wimbo kwanza.

Chumba changu cha mbele kimebaki kitupu tangu Machi. Sitakipangisha. Nimeweka meza, viti sita, taa na soketi mbili, na mlango unafungika, kelele za ua haziingii sana. Jumamosi kuanzia saa nane kitakuwa wazi. Mama yule amesema atakuja, awaeleze wimbo ule ulikuwaje.

Ni mimi mzee wenu,
Dandora Phase 2