Ndege unaiona kwa macho ila kwenye ramani haipo, shida nini?

Hili ndo swali tunaloulizwa kuliko yote na wateja wenye risiva ya kufuatilia ndege nyumbani. Mtu kasimama nje, ndege inapita juu yake kabisa, akicheki ramani kwenye simu hakuna kitu, basi anajua kauziwa kifaa kibovu. Mara nyingi kifaa ni kizima.

Risiva yako haiitafuti ndege kama rada, inasikiliza tu. Ndege ndo inajitangaza, ina transponda inayorusha kwenye megahezi 1090 utambulisho wake, spidi, urefu wa kwenda juu na mahali ilipo kama mara mbili kwa sekunde, mfumo huo unaitwa ADS-B. Mawimbi hayo yananyooka, hayapindi kufuata umbo la dunia wala hayapendi bati na zege, ndo maana ndege iliyo mita 10,000 juu unaweza kuidaka ikiwa mbali hata kilomita 400 kama kwako kuko wazi, ila iliyoshuka mpaka mita 1,000 ikishazidi kilomita 130 hivi imezama nyuma ya upeo, antena yoyote utakayofunga haitabadilisha kitu.

Na antena ndo kila kitu jamani. Watu wanaulizia kompyuta yenye nguvu wakati Raspberry Pi ya zamani (kompyuta ndogo sana) na kile kifaa kidogo cha kupokea mawimbi cha kuchomeka kwenye USB vinatosha kabisa, halafu antena yenyewe wanaificha nyuma ya TV! Itoe nje, ipandishe juu, na waya uwe mfupi na mnene kidogo kwa sababu kwenye masafa haya waya mwembamba mrefu unakula mawimbi vibaya sana. Ampilifaya, yaani kikuza mawimbi, ikae juu karibu na antena, ukiiweka chini haiwezi kurudisha kilichopotelea njiani. Kama mnara wa simu uko karibu weka na filta ya kuchuja mawimbi ya simu, la sivyo risiva inazidiwa na makelele.

Halafu antena iliyosimama wima inasikia vizuri pembeni, juu ya ncha yake inasikia kidogo, kwa hiyo ndege ikipita utosini kabisa inaweza kukatika kidogo kisha ikarudi, hiyo ni kawaida.

Kuna pia ndege ambazo hazitangazi zilipo, nyingi za kijeshi na baadhi ya ndogo za zamani. Marekani na Ulaya sheria ya ADS-B ilianza kubana 2020 lakini haikugusa kila ndege. Zile zenye transponda ya zamani isiyotaja mahali zilipo zinapatikana kwa hesabu: risiva kama nne zisikie ujumbe uleule, kisha ipigwe hesabu ya tofauti ya muda ujumbe ulipofika kwa kila moja. Ya kwako peke yake haiwezi, ndo maana tunawahimiza sana mchangie data kwenye mitandao ya kufuatilia ndege kama Flightradar24, nao wanawapa wachangiaji akaunti ya juu bure, na jirani yenu mpenda ndege anafaidika pia.

Kabla hujaturudishia kifaa, weka antena dirishani upande wenye anga wazi, iache siku nzima, kisha tutumie picha ya ramani inayoonyesha risiva yako inadaka ndege umbali gani kila upande. Upande uliokatwa kuna kitu kimeziba, na hapo tutakushauri kuhusu mlingoti kabla hujanunua kitu kingine.