Shukrani kwa mshindani wangu

Usiku wa kuamkia safari yangu ya kwanza na wageni, mwongozaji wangu aliugua. Kampuni bado changa, wageni 12, na mlima wenyewe mimi nimeupanda mara mbili tu. Nikampigia mshindani wangu wa biashara, tena kwa aibu.

Alfajiri alikuwa mlangoni. Alipima mizigo ya wapagazi mmoja mmoja, akapunguza iliyozidi. Choo cha kambi akakihamishia mita 60 hivi kutoka kijitoni. Taka zote tulishuka nazo, hata maganda ya matunda (mimi nilidhani yataoza tu!). Malipo alikataa: "Walipe wapagazi kwanza."

Kaka, nimewalipa. Nanyi wakongwe wa kazi hii, anayeanza akiwapigia usiku, pokeeni simu.