Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeko Leicester, Uingereza

Mdogo wangu,

Habari za mashindano nimezipata kwa mama mdogo, si kwako. Kanipigia Ijumaa baada ya swala, sauti ina furaha na hofu kwa pamoja: "Eti anaenda kubeba vyuma mbele ya Wazungu, hivi hatavunjika?" Nikamwambia hatavunjika. Nikamweleza kwamba hii ni pawalifti, si ile ya kujipaka mafuta na kutunisha kifua. Ni skwati (chuma mabegani, unachuchumaa na kuinuka), benchi (umelala chali, unakisukuma kutoka kifuani) na dedilifti (unakinyanyua kutoka sakafuni), kila moja unajaribu mara tatu, wanajumlisha uzito wako bora wa kila aina, na mwenye jumla kubwa katika daraja lake la uzito wa mwili ndiye mshindi. Akauliza kwa nini hayo hukumweleza wewe. Hilo sikuwa na jibu lake, nakuachia wewe.

Simu zangu hupokei, lakini umbea wa ukoo huu haujawahi kukupita, kwa hiyo najua utasoma.

Nianze na uzito wa mwili, maana hapo ndipo nakuona ukifanya ujinga. Nasikia unajinyima chakula ili uingie daraja la kilo 74. Unamkimbia nani? Uliondoka hapa na 77. Daraja linalofuata ni 83, ingia hilo, kula ushibe. Anayekwenda mara ya kwanza anatafuta kumaliza akiwa na jumla kwenye karatasi, medali zina wenyewe. Wanaanza kupima watu muda wa saa mbili kabla ya mashindano, na aliyejikausha kwa kukataa maji, muda huo haumtoshi kurudi kuwa mtu. Na wewe nakujua. Ramadhani ikifika alasiri ulikuwa husemeshwi.

Ukishapimwa, kula vitu ambavyo tumbo lako linavijua: wali mweupe, ndizi, mkate na asali, maji yenye chumvi kidogo. Unga wa kopo ambao hujawahi kuujaribu uache kwa wenye nao.

Wiki ya mwisho punguza. Dedilifti nzito ya mwisho ifanye kama siku kumi hadi wiki mbili kabla, skwati karibu na hapo, benchi inaweza kusogea zaidi kwa sababu haichoshi mwili kiasi hicho. Siku tano za mwisho huwezi kuongeza nguvu, unaweza kuongeza uchovu tu. Najua Jumatano usiku utajiambia ngoja nijihakikishie kidogo. Usijihakikishie. Usiku wa kuamkia mashindano huenda usilale, na haidhuru sana kama juzi yake ulilala vizuri.

Halafu amri. Hapa nisikilize hata kama moyo hautaki. Skwati, unatoa chuma kwenye stendi, unarudi nyuma, magoti yamenyooka, unasubiri. Refa wa mbele akisema "skwati" ndipo unashuka, mpaka kiungo cha nyonga kiwe chini ya sehemu ya juu ya goti. Ukiinuka usikimbilie stendi, subiri "raki", yaani rudisha chuma. Benchi ina amri tatu: "stati", kisha chuma kinashuka na kutulia kabisa kifuani, "presi", halafu "raki". Tangu 2023 wanaangalia na viwiko pia, lazima vishuke usawa wa mabega au chini zaidi, kwa hiyo ule upinde wa mgongo unaojivunia kwenye picha uangalie vizuri. Dedilifti ni amri moja, "dauni", ukiwa umesimama wima, na hata hapo chuma hukiachii, unakisindikiza kwa mikono mpaka sakafuni. Marefa ni watatu, kila mmoja ana taa yake. Nyeupe mbili zinakutosha. Nyekundu mbili, hata kama umeinua gari, hukuinua kitu. Na ukikosa mara zote tatu kwenye aina moja, jumla huna, siku imekwisha.

Hizo amri nilikuwa nakupigia kelele pale uani mpaka mtoto wa jirani akawa anamwambia mbuzi "raki". Wewe ulikuwa unacheka. Kusubiri hakujawahi kukaa kwako.

Na ndiyo maana sasa niliseme lile la siku ile, kwa sababu wewe umelisema upande wako kwa kila mtu.

Ulikuwa kwenye skwati, mimi nyuma yako kama msaidizi, mikono chini ya kifua chako, kidevu changu karibu kiguse shingo yako. Ile shafti, ndiyo chuma chetu, tuliinunua kwa wauza chuma chakavu, na gia za lori tulizoitundikia kama uzito tukazipima kwa mizani yao, kwa hiyo kilo 142 ile ni Mungu anajua kama ilikuwa 142. Ulishuka vizuri. Nakupa haki yako, ulishuka vizuri. Ukaanza kupanda, goti la kushoto likaingia ndani, gia zikaanza kugongana upande mmoja. Wewe ukiwa unapanda huwa unaguna. Ukaacha kuguna. Watu wote mnazungumzia mlichokiona, mimi nazungumzia nilichokisikia: pumzi ilikatika. Chuma kilisimama, kisha kikaanza kurudi. Nikakikamata. Tukakipandisha wote wawili, upande wa kushoto ukakosa stendi, ukapita pembeni ya kidole changu ukagonga bomba.

Ukageuka ukasema, "Nilikuwa nacho." Sawa, kila mtu husema hivyo. Lakini ukaongeza, mbele ya wale vijana, na mjomba akiwa anaingia na kikombe chake cha kahawa: "Hukutaka nikupite." Na mjomba akacheka.

Kwa kuwa rekodi yangu mimi ilikuwa 140. Hapo ndipo umenifikisha, mtu wa kulinda kilo mbili za chuma chakavu. Kama sikutaka unipite ningekuacha uendelee kushuka nusu, kama wale wa jimu ya barabarani wanaojaza vyuma na magoti hayakunji. Nani alikukatalia kila skwati ya nusu, mpaka ukaninunia wiki nzima?

Video ya dogo wa jirani umeizungusha ukoo mzima. Umeipunguza mwendo, umeisimamisha, umechora na mstari mwekundu. Mdogo wangu, mgongo wangu umefunika gia zote. Kinachoonekana pale ni mikono yangu. Ukitafuta mikono yangu utaiona, siikatai.

Huko utakuta wasaidizi wa jukwaani kuanzia wawili mpaka watano, kila upande wa chuma una mtu wake. Mimi nilikuwa peke yangu, stendi za bomba hazina vyuma vya usalama, na chini mchanga. Na sheria yenyewe unaijua: msaidizi akigusa chuma kabla ya amri na ikakusaidia, hupewi. Lakini kosa likiwa la msaidizi na si lako, marefa wanaweza kukupa nafasi nyingine. Mimi nilikupa! Nilikwambia kaa, kunywa maji, rudia, safari hii sikugusi hata ukilala chini. Ukafungua mkanda ukautupia kwenye matofali ukaondoka. Kwa hiyo aliyenyimwa kitu siku ile ni nani?

Mama mdogo aliponikabidhi wewe hakuniambia nikurudishe na 142. Aliniambia nikurudishe mzima.

Basi. Nirudi kwenye mambo ya maana.

Uzito wa kuanzia uwe ule unaoweza kuunyanyua mara tatu hata ukiwa na homa. Huu si woga. Ukishaandika uzito na ukaukosa, hurudi chini, ni huohuo tena au zaidi. Wa pili usogee karibu na rekodi yako, wa tatu ndio wa kujitafutia jina. Ukishuka jukwaani una dakika moja ya kwenda kuandika uzito unaofuata, na dakika hiyo kichwa huwa hakifanyi hesabu, kwa hiyo andika mapema kwenye karatasi, safu mbili, moja ya siku nzuri na moja ya siku mbaya. Ukiitwa chuma kiko tayari, una dakika moja nyingine ya kuanza. Inatosha kabisa. Wengi huenda mbio wakasahau hata kukaza mkanda.

Mkanda, kwa taarifa yako, ule wa fundi viatu usingepita: mwisho wao ni upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 13. Nunua unaokubalika. Soksi ndefu za kufika chini ya goti kwa ajili ya dedilifti, hawataki damu ya muundi kwenye chuma. Na chupi, wasomaji mtanisamehe, iwe ya kawaida, yenye miguu mirefu hairuhusiwi.

Ukiwa unasubiri zamu yako usikae kuwatazama wengine na kuhesabu kilo zao. Hilo ndilo litakalokumaliza, si chuma. Kaa, vaa koti, funga macho, upitie mnyanyuo wako kuanzia kushika mpaka amri ya mwisho. Unahitaji mtu mmoja wa kukaa na wewe, akuhesabie muda wa kupasha mwili, akupelekee karatasi mezani. Nimeambiwa unaye. Nimeambiwa ni mtu mzuri. Nimesoma pia ulivyoandika kwamba vyuma ulivianzia huko Leicester, na nimeamua huenda ulikuwa na haraka ukakosa nafasi ya kuandika zaidi.

Huyo mtu wako mwambie mambo mawili, kwa sababu hajakaa na wewe wiki za kutosha kuyajua. Goti lako la kushoto huingia ndani uzito ukizidi, na dawa yake ni kukukumbusha kusukuma nje kabla hujashuka, si wakati umeshakwama. La pili, ukiacha kuguna, hali imeharibika, asisubiri kuona. Kama hutaki kumwambia kwamba ni mimi niliyesema, mwambie umeliona mwenyewe kwenye video.