Kabla ya kuandika kuwa kiharusi kinaua zaidi wanawake, ulizeni umri

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia Oktoba 29, Siku ya Kiharusi Duniani, magazeti huchapisha habari ya aina ileile: hospitali fulani imelaza wagonjwa kadhaa wa kiharusi, wanawake waliofariki ni asilimia hii, wanaume asilimia ile, basi kiharusi kinawaonea wanawake. Mwaka unaofuata hospitali nyingine inatoa kinyume chake. Huenda namba zote mbili ni sahihi. Kilichoachwa nje ni umri, na pasipo umri ulinganisho huo hauna kazi.

Chukueni mfano wa kubuni. Hospitali imelaza wanaume 200 na wanawake 200. Wanaume 150 hawajatimiza miaka 60. Wanawake wa umri huo ni 60 tu. Tuseme walio chini ya miaka 60 hufariki asilimia 20, awe mwanamume au mwanamke, na waliotimiza 60 hufariki asilimia 40. Wanaume waliofariki ni 30 na 20, jumla 50, yaani asilimia 25. Wanawake ni 12 na 56, jumla 68, yaani asilimia 34. Pengo hilo la 25 kwa 34 ndilo litakalopewa kichwa cha habari, ilhali hakuna rika hata moja ambamo mwanamke alikuwa hatarini zaidi kuliko mwanamume.

Hali halisi haiko mbali na mfano huo. Mapitio ya tafiti za jamii yaliyotolewa mwaka 2009 yalikuta kiharusi cha kwanza humpata mwanamume akiwa na wastani wa miaka 68.6, na mwanamke 72.9. Miaka hiyo minne na ushee haiji mikono mitupu. Huja na moyo unaopiga bila mpangilio, na bonge la damu linalotoka kwenye moyo wa namna hiyo mara nyingi huziba mshipa mkubwa wa ubongo, si kishipa. Huja pia na ujane. Bibi anayelala peke yake akikutwa amepooza saa 12 asubuhi, saa ya kuhesabia si hiyo aliyokutwa, ni ile aliyoonekana mzima mara ya mwisho, pengine saa 3 usiku. Dawa ya kuyeyusha bonge, alteplase, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ubongo, kuonyesha hakuna damu iliyovuja. Kwa bibi huyo muda umepita akiwa kitandani.

Kwetu Tanzania tatizo linaanzia kwenye karatasi. Fomu za MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, tulizozizoea hugawa umri hivi: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya 5, miaka 5 hadi chini ya 60, kisha 60 na kuendelea. Kwa malaria na kuhara kwa watoto mgawanyo huo una maana. Kwa kiharusi, mtoto wa miaka 7 mwenye selimundu, mama wa miaka 26 aliyejifungua juzi na dereva wa miaka 58 aliyeacha vidonge vya presha wanaingia kisanduku kimoja, na taarifa ikishatumwa wilayani hakuna awezaye kuwatenganisha tena.

Huyo mama wa miaka 26 mara nyingi hata kwenye kisanduku hicho hayumo. Presha ikifika 160/110 wakati wa ujauzito au siku za mwanzo baada ya kujifungua, mshipa wa ubongo unaweza kupasuka. Atalazwa wodi ya wazazi, atapewa magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege, na kwenye rejesta ataandikwa kifafa cha mimba. Ni utambuzi sahihi, ila mkono uliolegea upande mmoja haukuandikwa popote. Ndiyo maana tunasita tukisoma kwamba kiharusi cha vijana ni ugonjwa wa wanaume. Anayetaka kuwahesabu wanawake wa rika hilo afungue na rejesta ya wodi ya wazazi. Kliniki ya uzazi wa mpango nayo ipime presha kabla ya kutoa vidonge vya majira vyenye estrojeni, kwani mwenye 160/100 au zaidi hapaswi kupewa kabisa.

Halafu kuna wasiofika hospitali. Ufuatiliaji wa vifo majumbani wa mwaka 1992 hadi 1995, kwa wenye miaka 15 hadi 64, ulikuta vifo vya kiharusi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka ni 65 kwa wanaume na 88 kwa wanawake Dar es Salaam, lakini wilayani Hai, Kilimanjaro, ni 44 kwa wanaume na 33 kwa wanawake. Mjini wanawake juu, kijijini wanaume juu. Hata hiyo 88 isishikwe kama msahafu, maana mipaka yake ya uhakika, yaani eneo ambamo namba halisi huenda imo, ilianzia 48 hadi 128. Rejesta ya wodi pekee isingeonyesha lolote kati ya hayo.

Neno "ameruhusiwa" nalo linaficha mengi, kwani baadhi ya ndugu huomba mgonjwa akafie nyumbani. Matokeo yaulizwe kwa simu siku ya 30 na ya 90, kwa kipimo cha Rankin cha ulemavu, kuanzia 0 (hana dalili) hadi 6 (amefariki), na iandikwe pia alivyokuwa kabla ya kuugua. Mama aliyekuwa na 3 kwa sababu ya magoti, akitoka na 3, hakupoteza kitu. Kwenye jedwali la kawaida anahesabiwa kuwa amepata matokeo mabaya.

Tunachoomba kwa hospitali, na kwenu mnaochapisha, ni jedwali moja: chini ya miaka 15, 15–44, 45–54, 55–64, 65–74, 75 na kuendelea, Me na Ke kando kwa kando, waliolazwa na waliofariki kufikia siku ya 30. Kisanduku chenye watu chini ya 10 kiandikwe idadi bila asilimia. Watatu kati ya watano ni watatu kati ya watano. Wakiitwa "asilimia 60" tayari ni habari ya ukurasa wa mbele.

Wenu,
Wauguzi na madaktari wa wodi ya magonjwa ya ndani